Wasifu wa Bibi Haukuenea Kwenye Fomati Yangu

Nina steshenari Majengo, Moshi, mwaka wa kumi na nne sasa. Kazi za kila siku ni kutoa kopi za vitambulisho, kuchapa barua za kuomba kazi, kulaminisha vyeti, kupiga picha za pasipoti. Hizo zinanipa hela ya mboga. Kodi ya fremu inalipwa na misiba. Watu wa kazi yangu hatupendi kulisema hadharani, lakini ndivyo ilivyo. Mtu akifariki huku Uchagani, jioni ile ile kamati inakaa na kugawana majukumu: yupo wa turubai na viti, yupo wa chakula, yupo wa kaburi, na yupo wa mambo ya karatasi. Huyo wa mwisho kesho yake asubuhi yuko mlangoni kwangu, macho mekundu, mkononi ana picha ya marehemu iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine.

Wasifu wa marehemu una fomati yake, nami naijua kama ninavyoijua Baba Yetu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa ngapi kati ya wangapi wa mzee fulani na mama fulani. Alibatizwa, akapata kipaimara. Alisoma hapa na pale. Alifunga ndoa takatifu na fulani, Mungu akawajalia watoto kadhaa. Alianza kusumbuliwa na presha. Ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mteja anasoma, mimi najaza mapengo. Dakika ishirini tumemaliza, tumebaki kubishania rangi ya kava, zambarau au kijani.

Kisha akafa Bibi.

Alikuwa shangazi yake baba. Alikaa Old Moshi, juu kabisa, kule ambako ukitoka Kiboriloni bodaboda anafika mahali anakuomba ushuke utembee kidogo. Baba alilelewa naye tangu ananyonya, kwa hiyo kwetu sisi huyo ndiye bibi. Yule aliyemzaa baba tulimjua kwa kaburi tu.

Baba mdogo alikuja dukani na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Ilikuwa na mistari mitatu: jina, usharika, siku ya maziko.

"Wewe ndiye fundi wa haya mambo, mwanangu," akasema. "Andika vizuri. Ila usiandike sana."

Nilielewa alichokuwa anaomba. Nikafungua faili.

Pengo la kwanza likanikwamisha. Cheti cha ubatizo kilikuwapo, lakini alibatizwa akiwa binti mkubwa, na aliyeandika mwaka wa kuzaliwa inaonekana alimtazama usoni akakisia. Mwenyewe alihesabu umri kwa matukio. KNCU, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilipoanzishwa mwaka 1933, alikuwa tayari anaachiwa mbuzi wa baba yake awachunge peke yake, na mtoto hukabidhiwa mbuzi akifika miaka saba, minane hivi. Hesabu yangu ikagota tisini na nane. Baba mdogo alitaka mia na mbili. Mia inapendeza kwenye fulana, alisema. Tukaandika "takriban miaka mia", neno ambalo limeniokoa kwenye misiba mingi.

Matukio mengine hayakusaidia, maana Bibi hakuwa na heshima na historia. Usiku wa Uhuru, Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliposimika mwenge na bendera juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Old Moshi ilitoka nje kutazama mlimani. Niliwahi kumuuliza aliona nini.

"Mawingu," alisema. "Waliosema wameuona mwenge walikuwa wameshakunywa."

Pengo la pili lilikuwa ndoa. Hapo ndipo penye ile "usiandike sana".

Wakati wa vita ya Hitler, Bibi aliolewa upande wa pili wa korongo. Alikaa huko misimu miwili ya mvua, akarudi kwa baba yake asubuhi moja, jembe begani. Hakupigwa, hakufukuzwa. Nilipokuwa mtu mzima na ndoa yangu ikinitetemesha, nilipanda kwake nikamuuliza kwa nini aliondoka, nikitumaini kusikia kisa kitakachofanana na changu. Akanijibu, "Alikuwa mtu mwema sana. Mimi ndiye sikutaka kuwa pale." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Kurudi hivyo kulikuwa na gharama. Mahari ilikuwa imeshaliwa, mbege imeshanyweka, na kaka zake wakasema hawana mbuzi wa kurudisha kwa ajili ya mwanamke asiye na sababu. Basi akarudisha mwenyewe. Alibeba ndizi kichwani kwenda kuuza Kiboriloni, akanunua mbuzi mmoja, akamvusha korongo, akamfunga kwenye mlango wa mkwewe wa zamani, akaondoka. Mwaka uliofuata mwingine. Walikuwa wanne. Kwa yule wa mwisho alipika na mbege kwa mkono wake: akachemsha ndizi mbivu mpaka zikawa na rangi ya udongo, akaziacha zikachacha, akachuja, akachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa na gamba la msesewe la kuleta uchungu. Akaipeleka kichwani. Mama mkwe akampokea mtungi, akaonja, akampa yeye kata ya pili. Wakanywa hadi jua linazama.

Hilo ukiliandika kwenye wasifu wa kusomwa kanisani, unaliweka wapi? Chini ya "alifunga ndoa takatifu"?

Pengo la tatu, watoto. Hakuzaa. Alilea. Baba yangu, watoto wawili wa dada yake, binti mmoja aliyeachwa na mama aliyekwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na wengine ambao asili yao mpaka leo sijaijua vizuri. Fomati yangu ina neno "ameacha". Haina neno la watu kama hao.

Nilifanya nini? Nilifanya anachofanya mtu aliyechoka saa nne usiku akiwa na foleni ya kazi. Nilichukua faili la msiba wa juzi yake, wa mama mmoja wa kwaya, nikabadilisha jina na picha, nikafuta nilichokiona cha kufuta, nikapiga kopi mia mbili na hamsini. Kava zambarau. Kesho yake jioni nikapanda nazo msibani, zimefungwa kwa kamba ya katani, najisikia nimemaliza.

Wazee wa mfongo walikuwa wamekaa pembeni ya moto, chini ya parachichi. Ni lazima nieleze mfongo kwa wasioujua. Ni mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, unaanzia mtoni huko juu karibu na msitu, unazunguka kwenye mteremko kwa kipimo cha macho tu, unaingia kihamba hadi kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Kila mfongo una watu wake, siku zake za kutengeneza, na zamu zake za maji. Asiyefika kwenye matengenezo hulipa faini, na zamani faini ilikuwa mbege. Kwetu ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke alichota, aliosha vyombo, alimwagilia migomba yake, lakini hakukanyaga kwenye banio kule mtoni, pale maji yanapogeuzwa kuingia mfongoni. Ilisemwa maji yatakauka.

Bibi alikanyaga. Masika moja mafuriko yalibeba banio lote, mawe na magogo, na wanaume wakawa bado wanajadiliana nani hakufika mara ya mwisho. Alipanda na panga, akakata mashina ya migomba, akayalaza kwenye mkondo, akaziba kwa mawe, majani na udongo. Maji yakaingia mfongoni jioni ile. Kuhusu kukauka, nasikia wazee walisubiri sana.

Lakini kilichomfanya awe mtu wa mfongo hasa ni usingizi wake mwepesi. Kihamba chake kipo pale mfereji unapogawanyika mara tatu. Likizo tulilala kwake, na zaidi ya mara moja niliamka saa kumi alfajiri nikamkuta amekaa kitandani, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. "Maji yakiibiwa yanabadilisha sauti," alinambia. Anachukua chemli, anajifunga khanga ya pili, anatoka, mimi nyuma yake nikikanyaga umande kwa miguu mitupu. Tunapanda hadi mahali mtu amefungua tundu kwa siri aingize maji kwake nje ya zamu. Bibi halalamiki, haiti mtu. Anachuma jani la mgomba, anaweka tope, anakanyaga kwa kisigino, tundu limeziba. Anasikiliza tena. "Haya sasa." Tunarudi kulala. Asubuhi mwizi anakuta jani limekunjwa vizuri, anajua nani alipita.

Baada ya miaka kadhaa wenyewe wakaanza kumwendea kumuuliza zamu ni ya nani. Alikuwa na kamba ya gome kavu la mgomba, ndefu kama mkono wangu mara mbili, yenye mafundo. Kila fundo kihamba kimoja. Ambaye hakufika kwenye matengenezo, fundo lake lilifungwa kitambaa. Hakuna kikao kilichomchagua, hakuna cheo alichopewa. Mwisho ugomvi wote wa maji ulikuwa unaishia kwenye kibaraza chake, na asiyekubali alioneshwa kamba.

Basi nikamkabidhi kopi ya kwanza mzee mmoja wao, jirani wa Bibi, naye si kijana, themanini na ushee. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Akafika ukurasa wa pili akanyamaza. Akarudia.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni Bibi, mzee."

"Hapa pameandikwa: alikuwa mke mtiifu."

Damu ikanishuka. Sikuwa nimeifuta. Mke mtiifu, mama wa mfano, na mwimbaji hodari wa sauti ya kwanza. Bibi ambaye mchungaji mmoja wa zamani alimwomba kwa upole aimbe kimoyomoyo.

Mzee akawapa wenzake. Wakasoma kwa zamu. Kwanza alianza mmoja kutikisika mabega, tukadhani analia. Wakacheka wazee wale, msibani, mpaka wanawake wakatoka jikoni na miiko mikononi kuuliza kumetokea nini. "Mtiifu!" anasema mmoja, anapangusa machozi. "Mwanamke aliyeniziba maji yangu mara tatu kwa wiki moja!"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini baada ya kicheko wakaanza kusimulia, na mimi nikageuza zile kopi zambarau nikaandika nyuma yake. Nyuma ya kopi kama kumi na nane hivi, mpaka saa nane usiku. Siku ambayo alichinja mbuzi mwenyewe, kazi ya mwanamume, kwa sababu kaka yake amechelewa na wageni wana njaa. Wazee wakakataa kula, watoto wakala, ikawa ndiyo siku watoto wa kitongoji kile walikula nyama ya kutosha. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya 1989, wanaume wanaikatia tamaa mibuni bila kuthubutu kuing'oa, kahawa ikiwa mali ya baba tangu hapo, yeye aling'oa nusu, akapanda ndizi na majani ya ng'ombe, akauza maziwa. Walipoanza kusema maji ya mfongo yanapungua kwa sababu barafu ya Kibo inaisha, aliwaambia waache kutazama juu, watazame msitu. Kweli barafu imekwisha kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, lakini maji mengi ya mito yetu hutoka kwenye mvua ya msituni. Alijua hilo kwa kwenda kukata majani Nusu Maili, ule ukanda wa msitu juu ya vijiji, miaka yote na kuona chemchemi ipi imehama.

Kisa cha ardhi sikuhitaji kusimuliwa, nilikuwamo. Kwa desturi yetu, mji wa baba anabaki nao mtoto wa kiume wa mwisho. Binti huolewa, basi. Baba yake alimkatia kipande pale mgawanyiko wa mfongo na kupanda masale, mmea wetu wa mipaka, mbele ya majirani, na isale kwetu ni shahidi. Miaka mingi baadaye ndugu mmoja, simtaji, akataka kipande kile, akisema ardhi ya ukoo haikai kwa mwanamke. Bibi akashuka mjini kwa miguu yake hadi dukani kwangu.

"Nasikia kuna karatasi ya serikali."

Nikamtafutia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 3, kifungu kidogo cha 2, kinachosema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulikia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Akaniambia nikichape kwa herufi kubwa kama za Biblia ya wazee. Nikachapa. Akaniambia nilaminishe, maana ng'ombe wake hula chochote. Siku ya baraza aliweka laminesheni ile mezani upande mmoja na jani la isale upande wa pili, akakaa. Ndugu yule aliongea karibu saa nzima. Bibi alipopewa nafasi alisema, "Hili ni la baba yangu, hili ni la serikali. Achague analotaka kubishana nalo." Alinilipa mkungu wa ndizi, na karatasi ile aliitundika ukutani, juu ya kalenda ya usharika.

Asubuhi ya maziko nilishuka dukani kabla ya jua, nikaandika upya. Fomati niliiweka kando. Nikaanza na "Marehemu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kusikiliza maji." Nikaandika banio, kamba, maziwa, masale. Kwenye ndoa niliandika mstari mmoja: alirudisha mahari yake mwenyewe, mbuzi wanne, hadi wa mwisho. Kwenye watoto nikaorodhesha aliowalea wote saba, bila kueleza nani ni nani. Toner ikaniishia kwenye kopi ya 190 na ushee. Zilizobaki zilitoka kijivu.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa msomaji. Alisoma vizuri, ana sauti. Alipofika kwenye mstari wa mbuzi akakohoa, akauruka.

Sikukasirika, au nilikasirika kidogo. Yeye anaishi kule, mimi nashuka mjini jioni. Karatasi walikuwa nazo, wenye macho wakasoma.

Kwenye salamu za rambirambi akasimama mzee ambaye wengi hatukumfahamu, koti jeusi la zamani, fimbo. Akasema anatoka ng'ambo ya korongo. Akasema baba yake, kabla ya kumwoa mama yake, alikuwa na mke mwingine kwa misimu miwili, na amekuja kumsindikiza. "Nimeona imeandikwa hapa, na mimi nathibitisha. Mbuzi walifika wote. Mama yangu aliolewa kwa mbuzi wale wale." Watu kimya. "Kwetu hana deni." Akainama kuelekea jenezani, akasema, "Aika, mae," yaani asante, mama, akakaa.

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa ameshika karatasi yake, anasoma mstari ule.

Tulimzika kihambani, karibu na mgawanyiko wa maji, masale kichwani. Kamba yenye mafundo walitaka kuizika naye, yule mzee jirani akakataa, akasema zamu ya Jumatano haijaisha. Anayo yeye sasa. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa ameongeza fundo moja kwa kijana aliyehamia, na kwenye fundo la Bibi hajafunga kitambaa.

Faili la fomati bado ninalo kwenye kompyuta. Wateja wengi ndilo wanalolitaka, na mtu aliyefiwa humlazimishi ubunifu. Ila kabla ya kujaza mapengo nauliza swali moja: marehemu saa kumi na moja alfajiri alikuwa anafanya nini? Wengine wanaudhika. Wengine wanasema alikuwa amelala, mama, kama watu wote, na hilo naliheshimu.

Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka Uru, amefiwa na mama. Alikuwa ameshaandika kila kitu, mwaka wa ndoa, watoto sita, kisukari. Nikamuuliza swali langu. Akafikiri, akatazama nje barabarani, vifodi vinapiga honi.

"Alikuwa anapiga mluzi," akasema. "Anakamua ng'ombe anapiga mluzi. Baba alikuwa hapendi."

"Wimbo gani?"

Akajaribu kuupiga, midomo ikakataa. Nikamvutia kiti.